Jibu la joto fiche limetoka bovu? Isome namba yako kabla hujaifuta

Hii ni kwa vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na pia kwa mwalimu aloachiwa maabara yenye themomita mbili na kalorimita moja (kopo la kupimia joto), yani wengi wetu huku Unguja na Pemba. Joto fiche ni lile linaloyeyusha barafu au kugeuza maji kuwa mvuke bila ya kupandisha nyuzi. Nnachotaka kusema ni kimoja tu, jibu bovu la joto halitoki ovyo ovyo. Likija dogo lina sababu zake, likija kubwa lina zake, na mara nyingi ule ukubwa wa kosa wenyewe unakutajia mkosaji nani. Sasa kijana anapima jouli za kuyeyusha kilo ya barafu, akiona 280,000 pale alipotaraji 334,000 anafuta, anaandika 334,000 kisha anapeleka daftari. Usifute bwana. Ile 280,000 ina habari ndani yake, ile ulonakili kitabuni haina kitu.

Namba za kuwa nazo kichwani: maji yanataka jouli 4,200 kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja, barafu 2,100, shaba 400 hivi, alumini 900. Kuyeyusha kilo moja ya barafu ilofika nyuzi 0 ni jouli 334,000, na kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni jouli 2,260,000. Vitabu vyengine vinaandika 336,000 au 340,000 kwa barafu, msigombane kwa hilo, chukua ilopewa kwenye swali.

JIBU LA BARAFU LIMEKUJA DOGO, 320,000 KUSHUKA CHINI

Hili ndo ugonjwa wa kila mtu kwaio nitakaa nalo.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie wote. Kalorimita ya shaba gramu 100, ndani maji gramu 200 yenye nyuzi 33, unatia barafu gramu 40 kavu ilo kwenye nyuzi 0. Maji na kopo kwa pamoja yakipoa nyuzi moja yanatoa jouli 880, yani 840 za maji na 40 za shaba. Kila kitu kikienda sawa mchanganyiko unatulia kwenye nyuzi 15, ukipiga hesabu kurudi nyuma unapata 334,000 yako safi.

Sasa barafu unaitoa wapi? Umenunua nyumba ya jirani mwenye friza, ukaitia kwenye ndoo, ukapanda daladala, ukafika skuli, ukangoja kipindi kilokutangulia kitoke maabara. Ukiivunja tayari inateleza mkononi. Ule utelezi ni maji, na maji ya nyuzi 0 hayana joto fiche la kuyeyuka la kulipa tena, yalishalipa njiani kwenye daladala. Wewe lakini kwenye mizani umeyahesabu kuwa ni barafu. Tuseme kati ya zile gramu 40 gramu 6 ni maji, basi mchanganyiko hautofika 15, utasimama karibu na 16.9, na hesabu yako itatoa 284,000. Angalia hapo: gramu 6 kati ya 40 ni asilimia 15, na 284,000 imepungua kwa asilimia 15 ile ile. Sio bahati, ni kawaida yake, asilimia ya maji ilojificha kwenye barafu ndo asilimia ya jibu inayopotea. Kwaio ukipata 300,000 ujue asilimia 10 hivi ya barafu yako ilikuwa maji, kama kila kitu chengine kilikuwa sawa.

Dawa yake ni kitambaa. Sio karatasi ya daftari, haifyonzi kitu. Kanga kuukuu iloshafuliwa mara nyingi ndo nzuri kabisa, kanga mpya ina wanga bado inasukuma maji pembeni. Vunja barafu vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, vifunge ndani ya kitambaa, vibonyeze, tia kipande kimoja kimoja kwenye maji huku ukikoroga. Usivisage vikawa unga, mana unga wa barafu una ngozi kubwa nje na unashika maji mengi ambayo kitambaa hakiyafikii. Na barafu usiipime mwanzo. Pima kopo na maji kabla, pima tena mwisho, tofauti ndo barafu yako. Ukiiweka barafu kwenye mizani sekunde thelathini huku feni inazunguka ishaanza kulia machozi.

Sababu ya pili ya jibu dogo ni chumba. Ukianza na maji ya nyuzi 29, sawa na chumba, ukashuka mpaka 12, muda wote kopo liko baridi kuliko hewa na hewa inalipa joto bure ambalo kwenye hesabu yako halimo. Wakubwa walishaipatia ujanja: anza juu ya chumba kwa kiasi kile kile utakachomaliza chini yake, ili joto linalotoka nusu ya kwanza lifidie linaloingia nusu ya pili. Chumba kikiwa nyuzi 29, pasha maji yafike 38, tia barafu gramu 38, utamalizia 20. Hio 38 na 38 imeangukiana tu lakini inakumbukika vizuri.

Ya tatu ni ya kwetu hasa, wenzetu wa nchi kavu vitabu vyao havisemi sana. Hewa yetu imejaa unyevunyevu. Kopo la shaba likishuka chini ya nyuzi 23 au 24 wakati wa joto linaanza kutoka jasho kwa nje, unaliona kwanza linafifia kama kioo ulichokipumulia, halafu vitone, halafu mstari wa maji unateremka mezani. Lile jasho si maji ya ndani yalopenya, ni mvuke wa hewani umegeuka maji kwenye shaba, na ukigeuka hivo unatoa joto lake fiche lote pale pale. Kwenye joto la kawaida la chumba gramu moja ya mvuke ikigeuka maji inatoa jouli 2,450 hivi. Hizo zinatosha kuyeyusha barafu gramu 7 na ushei! Gramu moja tu ya jasho, ambayo wewe ungeifuta kwa kidole. Na kama hukuifuta ukapima kopo nayo, umeihesabu kuwa ni barafu, yani umepigwa mara mbili, joto la bure limeingia na uzito wa uongo umeongezeka, yote mawili yanalivuta jibu chini.

Kwaio ufanye nini. Lifunge kopo kwa pamba au sponji mpaka shingoni ili hewa isiguse shaba, tia kifuniko chenye tundu la themomita na la kikorogeo, na kabla ya kupima mwisho lifute nje kavu kabisa. Au tumia barafu chache. Chumba 29, anza 34, barafu gramu 20, unamaliza 24 na jasho halitoki au linatoka kidogo mno. Ila hapo unalipia pengine, mana joto limeshuka nyuzi 10 tu, ukisoma themomita vibaya kwa nusu nyuzi jibu limeshakosea asilimia 7 hivi. Mie naona hivi, kama themomita yako imegawanywa kila nusu nyuzi tumia gramu 20, kama ni zile za skuli zenye mstari kila nyuzi moja na namba zimeshafutika nusu, nenda na gramu 38 ufute jasho kwa bidii.

Ya nne fupi: umesahau kopo. Ukihesabu maji tu bila ya shaba kwenye ule mfano wetu unapata 316,000. Ukiona 316,000 usitafute barafu wala chumba, rudi kwenye mstari wa kwanza wa hesabu.

Ya tano, umesoma themomita kabla kipande cha mwisho hakijamalizika, au umechelewa ukenda kuandika jina kwenye daftari na maji yakaanza kupanda tena. Unayoitaka ni namba ya chini kabisa ilofikiwa, na unaisoma huku unakoroga.

JIBU LIMEKUJA KUBWA, 350,000 NA KUENDELEA

Hapa wagonjwa ni wachache na wanajulikana kwa sura.

Ukipata karibu na 372,000, barafu yako imetoka friza moja kwa moja. Friza ya nyumbani iko kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kwaio kila kilo inataka kwanza jouli 37,800 ifike kwenye 0 ndo ianze kuyeyuka, na wewe zote umezitia kwenye joto fiche. Dalili zake zinaonekana kwa macho: barafu nyeupe ina unga wa baridi juu, inanata kwenye vidole, ukiitia majini inapasuka kwa sauti, tak tak. Iache kwenye bakuli mpaka ianze kung'ara na kulowana juu, hapo imefika 0, ndo uikaushe kwa kitambaa uitie. Hapa wengi wanachanganyikiwa, wanaambiwa barafu iwe kavu basi wanaitoa friza haraka haraka wakidhani wameshinda. Wamekimbia maji wakaangukia baridi. Lazima ipite kwenye kulowana kwanza kisha ikaushwe.

Ukipata karibu na 397,000 hilo si kosa la maabara, ni la kalamu. Umesahau kwamba barafu ikishayeyuka inakuwa maji ya nyuzi 0, na maji hayo nayo yanapanda mpaka 15. Kila kilo ya maji hayo imekula jouli 63,000 kufika hapo, toa 63,000 kwenye 397,000 uone unabaki na ngapi.

Ukipata kama 355,000 uliza nani alirusha barafu ndani ya kopo kama anatupa jiwe pwani. Maji yaliruka. Gramu 2 zikiruka nje, mizani inakwambia barafu ilikuwa 38 badala ya 40, na jibu linapanda. Teremsha barafu kwa kijiko au kwa ukingo wa kopo, taratibu.

Na ukipata 334,000 kamili mara ya kwanza, bila ya kufunga pamba, barafu ya daladala, mie ntakuomba unioneshe karatasi ya vipimo. Makosa mawili yanaweza kukutana katikati, moja linavuta chini moja juu, barafu ya friza na jasho la kopo kwa mfano, na jibu likatoka zuri huku jaribio zima ni bovu.

THEMOMITA HAIPANDI NA MOTO UNAWAKA

Si mbovu. Umetia barafu kwenye bika, koroboi linawaka chini, dakika zinapita na themomita iko 0, 0, 0. Joto linaingia kama kawaida lakini linatumika kuzifungua chembe za barafu zilivyoshikana, halijabaki la kuzifanya ziende mbio zaidi, na themomita kazi yake ni kupima mbio tu. Ndo mana likaitwa fiche.

Aloliona hili vizuri mwanzo ni Joseph Black, daktari na mwalimu wa Glasgow, miaka ya 1760. Alitundika vyombo viwili vya kioo kwenye ukumbi mmoja, kimoja kina maji yalopozwa mpaka karibu na kuganda, kimoja kina barafu ya uzito ule ule. Maji yalipanda nyuzi chache ndani ya nusu saa. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kufika kwenye joto lile lile. Chumba kimoja, hewa moja, mara 21 ya muda. Watu wa zama zake walidhani barafu ikishafika kwenye sehemu ya kuyeyuka inataka joto dogo tu iporomoke yote, na kama ingekuwa hivo nchi za theluji zingekuwa na mafuriko ya kutisha kila baridi ikiondoka.

Ila kama themomita yako imeganda kwenye nyuzi 2 au 3 ndani ya barafu, hapo ndo kuna jambo. Mara nyingi vipande ni vikubwa, maji yaloko kati yao hayajakorogwa na kibofu cha themomita kinaelea kwenye maji ya joto. Vunja vidogo, tia maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga, ngoja. Ikiwa bado 2, basi themomita ina kosa la 2, andika kwenye kipande cha plasta uibandike na utoe 2 kila ukisoma karibu na hapo. Ikisoma chini ya 0, kama 2 au 3 chini, ama barafu ni ya friza bado haijafika, ama ina chumvi. Ile barafu ya diko, wanayopakia samaki, usiichukue kabisa kwa jaribio hili, ishachanganyika na maji ya bahari na mambo mengine, inayeyuka chini ya 0 na maabara nzima itanuka dagaa.

MAJI YANACHEMKA KWENYE 98 AU 103

Visiwa vyetu havina mlima wa kusingizia. Tuko usawa wa bahari, maji safi yanatakiwa kuchemka kwenye 100, tofauti ya nukta tu kwa hali ya hewa ya siku. Arusha walo juu kama mita 1,400 yanachemka kwenye 95 hivi na hio ni haki yao, usinakili namba ya binamu yako wa huko.

Ukiona 103, kibofu cha themomita kimegusa chini ya bika pale moto ulipo. Watu wanasema "maji ya kisima yana chumvi mwalimu", haya hebu tupime hilo neno: maji ya bahari yenyewe, ambayo yana chumvi gramu 35 kwa kilo, yanapanda kama nusu nyuzi tu juu ya 100. Kisima gani hicho cha kukupa nyuzi 3? Inyanyue themomita. Bora zaidi itundike kwenye mvuke juu kidogo ya maji, mvuke hauna chumvi. Ukiona 97 au 98 huku maji yanachemka kwelikweli, mapovu makubwa yanafika juu, basi ni themomita yenyewe au sehemu kubwa ya uzi wa zebaki au spiriti iko nje kwenye hewa baridi. Na kama mapovu ni madogo madogo yanayokwama kwenye kuta za bika, hayo hata si kuchemka, ni hewa iloyeyuka kwenye maji inatoka, subiri.

GRAFU YA KUPOA HAINA SEHEMU BAPA

Swali linasema chora grafu utaona mstari wa bapa pale kitu kinapoganda. Unachora, unapata mteremko mmoja kama wa kuteleza watoto.

Kwanza uliza umetumia kitu gani. Naftalini safi inaganda kwenye nyuzi 80 na bapa lake linaonekana vizuri, ila vidonge vya kabati vya dukani siku hizi vyengine si naftalini, ni dawa nyengine inayoganda kwenye 53, kwaio ukipata bapa pahala pa ajabu angalia pakiti kabla ya kujilaumu. Na moshi wake si wa kuvuta, fungua madirisha. Mshumaa hautokupa bapa, nta ya mshumaa ni mchanganyiko wa mafuta mengi, kila moja linaganda kwa wakati wake, unapata mteremko uloregea tu badala ya bapa. Mafuta ya nazi ni hivo hivo. Kila mtu kisiwani anayajua yanavyoganda chupani asubuhi za kipupwe na mchana yakawa maji tena, mana yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, lakini ni mchanganyiko, na kuyapoza mpaka hapo mwezi wa Februari utatafuta barafu. Ni mazuri kwa kuonesha kwamba kuganda hakutaki baridi ya friza. Kwa grafu ya mtihani hayafai.

Ikiwa kitu ni safi na bapa halipo, basi umekipoza mbio. Umetumbukiza testi tyubu kwenye maji baridi, ndani ya dakika moja kila kitu kishaganda na wewe unasoma kila dakika mbili, bapa limepita baina ya vidoti viwili. Iache ipoe kwenye hewa, soma kila sekunde 30, na tia kitu cha kutosha, nusu ya testi tyubu walau.

Kuna na hii ya kushangaza, joto linashuka chini ya 80, tuseme 77, halafu linapanda lenyewe mpaka 80 ndo linatulia. Mtoto anafuta kile kidoti akidhani kasoma vibaya. Usikifute, ni sahihi na ni kizuri. Kitu kimepoa kupita mahali pake pa kuganda bila ya kupata pa kuanzia, kilipoanza tu joto fiche likatoka kwa mkupuo likakipandisha. Kidoti hicho ndo ushahidi mzuri kuliko wote kwenye karatasi yako.

JOTO FICHE LA MVUKE LIMETOKA MILIONI 3

Ulitumia hita ya kuchemshia maji iloandikwa wati 1,000, ukachemsha dakika tano, ukapima maji yalopungua. Wati 1,000 kwa sekunde 300 ni jouli 300,000, maji yangepungua gramu 133 hivi kama kila jouli imekwenda kwenye mvuke. Ukipata gramu 120 jibu ni milioni 2.5, hilo la kawaida, joto limetoroka pembeni mwa bika, lifunge kitambaa.

Milioni 3 ni jambo jengine, ni umeme mdogo. Ile 1,000 iloandikwa ni kwa volti 230. Saa za magharibi feni zote na friji zote zimewashwa, ukutani unapata volti 200, na nguvu ya hita inashuka kwa mraba wake, sio kwa kadiri yake: 200 gawa 230, zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata 0.756. Hita yako imefanya kazi ya wati 756 na wewe umehesabu 1,000. Jibu linatoka milioni 2.99. Pima volti na mkondo wakati hita inafanya kazi, au fanya jaribio asubuhi. Anza kuhesabu muda maji yakishachemka kweli, na hita isiwashwe nje ya maji wala mtu asitie mkono majini ikiwa imewashwa.

Jibu likija dogo, milioni 2 hivi, basi ulitumia njia ya kupitisha mvuke kwenye maji baridi, na mvuke wako ulikuwa na matone. Bomba refu, mvuke unapoa njiani, unafika nusu mvuke nusu maji. Ni kesi ile ile ya barafu iloloa, asilimia 10 ya matone inakula asilimia 10 ya jibu. Weka mtego wa maji kabla ya kalorimita, fupisha mpira, uvike kitambaa. Na mvuke usiupime kwa mkono. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikikugusa inakupa jouli 265 mpaka ifike joto la mwili, gramu moja ya mvuke inakupa hizo na 2,260 juu yake.

HESABU IMETOA JOTO CHINI YA SIFURI

Swali: maji gramu 200 nyuzi 30, barafu gramu 100 nyuzi 0, tafuta joto la mwisho, kopo usilihesabu. Unaandika, unapata 6.5 chini ya sifuri. Maji na barafu isobaridi kuliko 0, halafu mchanganyiko uwe baridi kuliko wote wawili? Haiwezekani. Hapo hesabu inakupigia kelele kwamba barafu haikuyeyuka yote. Fanya kama daftari la duka, maji yana cha kulipa jouli 25,200 tu mpaka yafike 0, barafu inadai 33,400. Deni kubwa kuliko pesa. Kwaio inayeyuka gramu 75 tu, zinabaki 25 zinaelea, joto la mwisho ni 0. Kila swali la namna hii anza na hesabu hizo mbili kabla ya kuandika mlingano wowote.

Makosa mengine ya kalamu yapite haraka: gramu hukuzigeuza kilo, jibu likawa kubwa mara 1,000, umetia badiliko la joto kwenye joto fiche, wakati pale joto halibadiliki ni uzito mara L (joto fiche la kilo moja) basi, umetumia 4,200 kwa barafu ilo chini ya 0. Chukua gramu 200 za barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri mpaka ziwe mvuke wa 100: 4,200 kuipandisha, 66,800 kuiyeyusha, 84,000 kuyachemsha, 452,000 kuyageuza mvuke, jumla 607,000. Ikiwa kwako sehemu ya mwisho si kubwa kuliko zote tatu kwa pamoja, kuna pahala umeteleza.

MTUNGI HAUPOZI MAJI

Hili linaulizwa sana kwenye mvuke na unyevunyevu. Mtungi wa udongo unapoza kwa sababu maji yanapenya ukutani, yanakauka nje, na kila gramu inayokauka inaondoka na zile jouli 2,450. Ukiacha kupoza, gusa nje. Ukiwa mkavu, vitundu vimeziba kwa chumvi ya maji ya kisima au mtu kaupaka rangi uwe mzuri, usugue kwa brashi na maji, rangi haina dawa. Ukiwa umeloa na bado maji ni ya moto, mtungi ni mzima, hewa ndo mbaya: masika hewa ishajaa mvuke, hakuna nafasi ya maji mengine kukauka. Utoe kwenye kona upeleke penye upepo wa kusi, na kwenye siku ya mvua nyingi usitegemee zaidi ya nyuzi moja mbili.

MVUKE UNATOROKA KWENYE KIPOZEO

Wanaotonesha maji, au mafuta ya mchaichai kwa mradi wa sayansi, wanalalamika mvuke unatoka mwisho wa bomba bila ya kugeuka maji. Maji ya kupoza ni machache, mana watu wanadhani gramu moja ya maji baridi itamaliza gramu moja ya mvuke. Hesabu: mvuke unatoa 2,260 kwa gramu, maji ya kupoza yakiruhusiwa kupanda nyuzi 20 gramu moja inabeba 84 tu. Unahitaji gramu 27 za maji baridi kwa kila gramu ya mvuke. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Chake Chake, kinatumia mvuke kuyatoa mafuta ya karafuu, na mafuta yale peke yake yangetaka nyuzi 250 na zaidi kuchemka lakini yakipanda na mvuke yanatoka chini ya 100, kisha yote mawili lazima yapozwe. Kwa hio kwenye chupa yako ya skuli, maji yaingie kipozeo kwa chini yatokee juu ili bomba lote lijae, na yakitoka ya moto fungua koki zaidi au punguza moto. Punguza moto kwanza, maji ya bomba yenyewe siku nyengine hayaji.